Jani Lililosingizia Ini

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa Kibo, kilele ninachokiona kutoka hapa nilipoketi, na nikikutwa na neno moja la uongo, basi niliyemdanganya nimpelekee sale kwa mikono yangu mwenyewe, mchana, watu wakiona. Mtu wa mlimani haapi hivyo kwa mzaha. Sale ni lile jani refu linalozunguka kila ua wa Mchagga. Ukimpelekea uliyemkosea, sharti akusamehe, hata kama ulimchomea ghala na mbuzi wamo ndani.

Jina langu ni Kundaeli. Nilikuwa mpishi wa kambi ya pili ya wabeba barafu kwa miaka kumi na minne, mpaka nilipofukuzwa kwa kosa ambalo tutalifikia. Sasa nimestaafu, nina muda, na nimejifundisha mambo ya damu mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyofungiwa maandazi. Lakini hadithi si yangu. Ni ya Aikande Mlaki, msoma majani wa Maringeni, na ilitokea mwaka wa ishirini na moja tangu tuanze kuurudishia mlima barafu yake.

*

Jumamosi hiyo wagumu waliteremka saa tisa alasiri. Wagumu ndio wapagazi wetu; jina hilo walijipa wenyewe zamani, walipokuwa wakibeba mahema ya wageni. Siku hizi wanabeba barafu. Kila mmoja hupanda na tofali la kilo thelathini mgongoni, lililogandishwa kijijini na kutiwa chembe zinazolifanya lisikubali kuyeyuka upesi, likafungwa kwa maganda ya mgomba. Vyombo vya kuruka vilijaribiwa mwaka wa kwanza. Hewa ya juu ni nyembamba, mabawa yakakosa pa kushika, na joto la injini likayeyusha nusu ya mzigo njiani. Mgongo wa mtu haukuyeyusha kitu. Basi ikaamuliwa kuwa mlima utavishwa tena nguo yake nyeupe na watu wake, tofali kwa tofali, na hadi mwaka ninaousimulia tulikuwa tumekwisha kuvisha bega lote la kusini.

Aikande alikuwa ameketi kwenye kigoda chake langoni, pembeni ya ua wa masale. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, na macho ya mtu asiyeibiwa sokoni. Masale yale ameyazaa yeye. Si ya babu. Alipokuwa kijana kwenye kitalu cha utafiti alifundisha mmea ule kusoma damu: unachoma kidole kwenye mwiba ulioota shinani mwa jani, unasubiri muda wa kusali Baba Yetu mara mbili, na jani linajibu. Nusu ya kushoto ni ya mafuta. Yakizidi, inageuka njano. Nusu ya kulia ni ya ini. Likiumia, inageuka kahawia.

Nje ya lango mama za wagumu walisimama na mabakuli. Hiyo ni desturi ya Maringeni, na hakuna aliyewahi kuihoji: mwana akitoka mlimani hakanyagi ua kabla hajanywa bakuli la mtori wa uboho, supu nzito ya ndizi na mafuta ya mifupa, kutoka mkononi mwa mama yake, akiwa bado amesimama, mzigo wa kamba ukiwa bado begani. Kuukataa ni kumwambia mama yako kwamba amekwisha kufa.

Wa kwanza alikuwa Barikieli Kisanga, kiongozi wa msafara. Kijana wa miaka thelathini na minne, shingo kama ya ndama dume. Mwaka huo alikuwa amepanda mara ishirini na sita; hakuna mwingine aliyefika ishirini.

"Kunywa yote, usinibakizie," mama yake alimwambia. Jina lake Ndealilia.

"Mae, huu si mtori, hili ni ng'ombe zima limekaa kwenye bakuli."

"Basi mle mpaka mkia."

Akanywa, akafuta mdomo, akaingia langoni akicheka, akachoma kidole. Aikande akamsalimu, akamuuliza hali ya njia, na wakati anauliza jani likaanza kubadilika. Nusu ya kushoto ikawa njano. Hilo halikumshtua mtu. Kisha nusu ya kulia ikaanza kuchafuka, kwanza kama chai ya maziwa, halafu kama udongo wa Rombo, halafu kahawia iliyoiva.

Kicheko langoni kikakatika.

Nieleze kwa nini. Kila mgumu hula kiapo siku ya kuajiriwa: hakuna mbege, hakuna gongo, hakuna hata kuonja, kwa sababu juu kule mlevi hufa na kuwaua walio nyuma yake kwenye kamba. Na Baraza la Barafu lina kanuni moja fupi: jani likiwa kahawia upande wa ini, umevunja kiapo, nenda nyumbani. Karatasi za maabara za mjini Baraza halizitambui tangu ilipogundulika kwamba zilikuwa zinanunuliwa. Jani halinunuliki.

Na siku tano mbele, Alhamisi, lilikuwa linapanda tofali la kufunga, la mwisho wa mwaka. Anayelibeba hulitia mahali pake, kisha hutamka jina la mama yake, na ngazi ya barafu ya mwaka huo huitwa jina hilo milele. Lilikuwa limekwisha kuandikwa kuwa la Barikieli. Ndealilia alikuwa ameshonesha gauni.

"Sijanywa," Barikieli alisema.

Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Eliforo Makundi, alisogea akalitazama jani, akatikisa kichwa. "Kila mmoja husema hivyo, baba."

Hapo Ndealilia akafanya ambalo mama yeyote wa mlimani angefanya. Alienda kwenye ua wa zamani, ule wa masale ya kawaida yasiyosoma kitu, akachuma jani moja, akalifunga fundo, akapiga magoti mbele ya Eliforo na kulinyoosha kwa mikono miwili. Kwa desturi Eliforo asingeweza kukataa. Angesamehe, Barikieli angebaki mpagazi wa kawaida, na mambo yangekwisha kwa heshima.

Barikieli akaufikia mkono wa mama yake kabla ya Eliforo, akalichukua lile jani taratibu.

"Simama, Mae. Usiniombee."

"Mwanangu, ni jani tu."

"Jani hili ni la mtu aliyekosa. Sikunywa. Siwezi kusamehewa nisilolifanya."

Akamwinua mama yake, akavua kamba begani, akaitundika kwenye mti wa lango, wakaondoka wote wawili bila kugeuka nyuma. Aikande alibaki ameshika lile jani la kahawia. Aliniambia baadaye kwamba mtu akiomba huruma, msoma majani analala usingizi. Mtu akiikataa huruma, hapo ndipo unapoanza kujiuliza umesoma nini.

*

Kesho yake, baada ya ibada, Aikande alifungua kitabu chake kikubwa. Majani yote ya kahawia ya wagumu waliofukuzwa alikuwa ameyakausha humo, kila moja na ukurasa wake, jina, na siku. Yalikuwa kumi na tisa, katika miaka kumi na miwili. La Barikieli lilikuwa la ishirini. Akayapanga yote mezani kama mtu anayecheza karata peke yake.

Kwanza aliona siku. Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi. Yote yalichomwa siku ya kurudi. Wagumu huchoma pia katikati ya mapumziko yao, lakini hakuna jani hata moja la kahawia lililotoka siku hizo.

Kisha aliona majina. Hawakuwa walevi wanaojulikana. Walikuwa wale wenye migongo, waliobeba zaidi ya wenzao, walioteremka mbio ili kupanda tena.

Akasogeza majani karibu na dirisha, akatazama ile njano ya upande wa mafuta. Hapo nawe sikiliza, maana ndipo penye elimu. Mafuta ya damu si ya namna moja. Kuna kolesteroli, ambayo hujengeka polepole kama masizi kwenye dohani; bakuli moja haliipandishi wala kufunga siku moja hakuishushi. Hiyo jani huichora pembezoni. Na kuna trigliseridi, mafuta yanayosafiri, ambayo ukimaliza kula yako barabarani tele, na ukikaa njaa saa kumi na mbili yamekwisha kufika yaendako. Hayo jani huyachora karibu na mshipa wa kati. Njano za majani yale ishirini zote zilikuwa kwenye mshipa. Pembezoni kijani kitupu.

"Mtori," Aikande alisema peke yake. Miaka kumi na miwili alikuwa akipima bakuli la mama na kuliandika jina la mwana.

Angeweza kucheka, kama kosa lingeishia kwenye mtori. Lakini aliinua macho kwenye nusu ya kulia.

Ini likiumia humwaga vimeng'enya kwenye damu, kama nyumba inayovuja. Jani lake lilinusa viwili kwa pamoja na kuvipa rangi moja. Kimoja ni mwenyeji wa ini hasa. Cha pili ni mpangaji mwenye nyumba mbili: anakaa kwenye ini, na anakaa pia kwenye misuli. Misuli ikichanika kwa kazi, huyo wa pili humwagika tele, na hata yule wa kwanza huchungulia kidogo, na ini halijaguswa. Na hakuna kinachochanika kama paja la mtu anayeteremka Kibo siku mbili akijizuia kwa magoti.

Alilijua hilo tangu shule. Alilijua, na siku alipolifundisha jani alilipimia damu ya nani? Makarani wa chama cha kahawa, watu mia mbili walioketi vitini tangu asubuhi. Kwa mtu aliyeketi, kahawia ilimaanisha ini. Hakuna karani hata mmoja aliyewahi kubeba tofali.

Alikaa hapo mpaka chai ikapoa. Wagumu kumi na tisa. Mmoja wao, Ndesario, alikwisha kuzikwa migombani, na watu waliomzika walinong'ona kuhusu pombe.

*

Mzee Eliforo alikuwa akipogoa kahawa Aikande alipomkuta. Alimsikiliza mpaka mwisho, mkasi ukining'inia mkononi. Eliforo si mtu mbaya, nami nasema hivi ingawa ndiye aliyenifukuza.

"Umemwambia nani mwingine?" aliuliza.

"Wewe tu, Mzee."

"Vizuri. Sasa nisikilize, dada yangu. Miaka tisa iliyopita jani lako liliniambia nina ugonjwa wa ini, ule wa virusi. Nilikuwa sisikii hata kichomi. Mjini wakanithibitishia, nikatibiwa, na leo napogoa kahawa. Mke wa mchungaji, kolesteroli yake ilikuwa inatafuta mahali pa kumwangusha, jani likaiona. Ni watu wangapi hapa Maringeni wamepona kwa sababu kila Jumapili wanachoma kidole bila kuambiwa?"

"Wengi."

"Hao wengi ukiwaambia jani linasingizia, nani atachoma kesho? Unawajua watu wetu. Wanatafuta sababu tu ya kumrudia daktari wa maji ya mwarobaini."

Aikande alikuwa amejiuliza hilo njia nzima.

"Fanya hivi," Eliforo akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Sema jani la Barikieli liliingiwa na ukungu. Achome jingine. Na hilo jingine, wewe ndiye mlinzi wa ua, wewe wajua namna ya kidole kingine kuchomwa. Kijana atabeba tofali lake, mama yake atavaa gauni lake, jani litabaki na heshima yake. Hakuna aliyeumia."

"Na wale kumi na tisa?"

"Wamezoea."

Aikande aliniambia kwamba neno hilo ndilo lililomkatia shauri. Si kwamba lilikuwa la kikatili. Lilikuwa la kweli: walikuwa wamezoea, na yeye ndiye aliyewazoeza.

"Mzee, jani halikusema uongo," alisema. "Lilisema kuna kitu kimechanika. Sisi ndio tuliomalizia sentensi. Nikiificha, nitakuwa nimenunua jani, na wewe ndiye uliyesema halinunuliki."

"Basi utathibitisha vipi? Barikieli akikaa siku saba misuli ipone, atachoma kijani, sawa. Lakini tofali linaondoka Alhamisi. Na watu watasema kijani kimerudi kwa sababu ameacha kunywa wiki nzima."

Hapo alisema kweli. Aikande alitazama ghala la barafu lililokuwa likifuka ubaridi bondeni. Kisha akauliza jambo ambalo Eliforo hulisimulia mpaka leo kila akipata wasikilizaji.

"Mzee, wewe umewahi kusikia mtu akisema Aikande Mlaki alikunywa mbege?"

Eliforo akacheka licha ya nafsi yake. "Hata kwenye arusi yako ulikunywa maji ya moto."

"Nitakuhitaji ulirudie hilo Jumatano. Na unipe tofali."

*

Jumatatu alfajiri kijiji kilimwona msoma majani akipita na kilo thelathini za barafu mgongoni, kitambaa cheupe kichwani, viatu vya mvua vya marehemu mumewe miguuni. Hakumweleza mtu. Wengine walidhani amerukwa na akili. Mkwewe alimfuata hadi msitu ulipoanza akimsihi, kisha akachoka yeye ambaye hakuwa na mzigo.

Nyuma yake, hatua ishirini, Barikieli alitembea mikono mitupu. Kanuni ilimkataza kubeba, haikumkataza kutembea.

"Mama, egemea mbele. Ukisimama wima tofali linakurudisha nyumbani."

"Nimeegemea."

"Hiyo ni kuinamisha kichwa. Egemea na kiuno."

"Barikieli, nilikufukuza juzi. Niheshimu kidogo."

"Nakuheshimu, ndiyo maana nataka ufike."

Alifika kambi ya kwanza, akalala kama gogo. Jumanne alifika ya pili, ile niliyopikia zamani, akalikabidhi tofali kwa zamu ya juu. Mpishi mpya alitaka kumpa supu ya mafuta. Akaikataa, akala ndizi za kuchemsha na maji mengi. Kisha akageuka kuteremka, na huko ndiko alikowafahamu watu wake. Kupanda ni mapafu. Kuteremka ni mapaja, hatua elfu kwa elfu za kujizuia, kila moja ikikata uzi mmoja ndani ya nyama. Kwenye mteremko wa mawe miguu yake ilitetemeka yenyewe, kama ya mbuzi aliyezaliwa leo. Alilia kidogo. Barikieli alitazama pembeni kwa adabu.

"Kila safari ni hivi?" alimuuliza.

"Hii ni nusu ya safari, Mama. Na umeteremka bila mzigo wa vyombo vya kambi."

Usiku ulipoingia Aikande alikuwa amerudi kijijini. Usiku wa Jumanne hakutia kitu mdomoni ila maji.

*

Jumatano asubuhi lango lilijaa. Hata wasiochoma kidole walikuja, maana habari za mwanamke na tofali zilikuwa zimevuka mito miwili. Aikande aliletwa akishikiliwa mkono. Ngazi tatu za jukwaa la Baraza, pale langoni, zilimchukua muda wa kuimba ubeti mzima.

"Mzee Eliforo," alisema, "waambie unachokijua juu yangu na pombe."

Eliforo akasimama, akajisafisha koo. "Huyu mama hajawahi kuonja. Mwenye ushahidi mwingine aseme." Hakuna aliyesema. Mtu mmoja nyuma alinong'ona kwamba hata divai ya meza ya Bwana huigusisha mdomo tu, watu wakacheka.

"Nimefunga tangu jana jioni," Aikande akaendelea. "Jumamosi iliyopita, kabla ya yote haya, jani langu lilikuwa kijani pande zote; liko hapa, tazameni." Akaliinua. Kisha akaingiza kidole kwenye mwiba.

Muda wa Baba Yetu mbili ni mrefu sana watu mia tatu wakinyamaza. Nusu ya kushoto ilibaki kijani, mshipa na pembezoni, kwa kuwa hapakuwa na mtori. Nusu ya kulia ikachafuka. Chai ya maziwa. Udongo wa Rombo. Kahawia iliyoiva, kama ya Barikieli, na mimi naapa ilizidi kidogo.

Wanawake waliweka viganja midomoni. Ndealilia peke yake, ndani ya gauni lake jipya alilokuwa amelivaa kwa ubishi, alianza kutikisa kichwa polepole, juu na chini, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

"Sasa Baraza lina njia mbili," Aikande alisema. "Ama nimelewa, mnifukuze. Ama mlima unaandika kwenye damu ya anayeubeba, na mimi niliyefundisha jani sikuwahi kuubeba, kwa hiyo nilisoma maandishi ya mlima nikayaita pombe. Jani bado ni zuri. Lichomeni. Lakini mchome mkiwa mmefunga usiku, mkiwa mmepumzika siku saba, na likibadilika rangi muulize kwanza mwenye kidole alikuwa anafanya nini, kabla hamjamuuliza alikuwa anakunywa nini. Na likizidi kubadilika, nendeni kwenye kipimo kinachotenganisha ini na misuli. Rangi ni swali. Mimi niliwapa kama hukumu."

Eliforo alimtazama, akalitazama jani, na nadhani alimtazama pia yule mtu aliyekuwa yeye siku tatu kabla, mwenye mkasi mkononi.

"Kanuni ya zamani imekufa leo," alisema. "Lakini haikufa jana. Kwa siku saba, mpaka jani lako lirudi, kiti chako kiko wazi."

"Ndivyo inavyotakiwa, Mzee."

Akaenda kwenye ua wa zamani akijikongoja, akachuma sale la kawaida, akalifunga fundo. Alipofika mbele ya Barikieli alijaribu kupiga magoti na mapaja yakakataa. Basi akasimama, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Hili halisomi damu," alisema. "Hili linaomba tu."

Barikieli hakuwa na la kukataa; desturi ni desturi. Akalipokea, akampa mama yake, akaenda kwenye mti wa lango, akachukua kamba yake.

Alhamisi tofali la kufunga lilipanda. Jumapili, siku ya nne, ngazi ya ishirini na moja ilitamkwa jina juu kule, na tangu siku hiyo ukisimama Maringeni asubuhi bila mawingu utaiona inang'aa begani mwa Kibo. Sisi tunasema, tazama, Ndealilia amevaa gauni.

*

Zile siku saba za kiti kitupu Aikande alizitumia kutembea. Alichuma masale kumi na tisa ya kawaida, akapita nyumba kwa nyumba. Jani la Ndesario alilipanda kwenye kaburi lake, mbele ya watoto wake, akasema maneno yake kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Wengine kumi na wanane waliokuwa hai waliombwa wakae siku saba bila kazi nzito, wafunge usiku mmoja, wachome tena, ili majina yao yarudishwe kwenye ubao wa wagumu.

Na mmoja wa hao kumi na wanane ni mimi. Alikuja hapa hapa kwenye kibaraza hiki. Nilipokea sale nikilia machozi ya haki. Tukakaa siku saba, tukachoma, na yote kumi na manane yakawa kijani kama majani ya mahindi mwezi wa nne. Majina yote yakarudi. Mwisho.

Nilikuwa nimeandika hadithi hii mpaka hapo, nikapeleka daftari langoni lisomwe, nikarudi nyumbani nikijisikia mwandishi. Kesho yake kabla ya chakula Aikande akaingia uani na daftari kwapani.

"Meku Kundaeli, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umelipenda?"

"Limeandikwa vizuri. Hata nililia mahali. Nina swali dogo la hesabu." Akaketi. "Yaliyochomwa siku ile ni majani mangapi ya kijani?"

"Kumi na manane."

"Kumi na saba," alisema. "La kumi na nane niliambiwa limeliwa na mbuzi."

"Mbuzi wangu ana njaa sana, Mama."

"Mpishi wa kambi ya pili habebi tofali. Hapandi wala hateremki Jumamosi, anakaa jikoni. Mapaja yake yalichanika kwa kazi gani?" Akafungua kitabu chake kikubwa, akanionyesha jani langu la miaka saba iliyopita. Siku iliyoandikwa ilikuwa Jumanne, si Jumamosi kama nilivyoyaandika yote ishirini. Na njano yake haikuwa kwenye mshipa. Ilikuwa pembezoni, nene, masizi ya miaka.

Nililigeuza daftari kifudifudi.

"Kwenye mtungi wa unga?" aliuliza kwa upole.

"Nyuma ya mtungi wa unga," nilisema. "Mbege kidogo tu. Jioni. Kwa ajili ya baridi."

Basi nimelipa. Siku iliyofuata, mchana kweupe, nilichuma sale kwenye ua wangu, nikalifunga fundo, nikalibeba mpaka langoni mbele ya kila aliyekuwapo, Barikieli mwenyewe akiwa amesimama hapo, nikamnyooshea Aikande kwa mikono miwili. Akalipokea, desturi ni desturi. Kisha akanipa malipo yaliyobaki. Kila Jumamosi wagumu wakirudi, mtori sasa huletwa kwa ajili ya kunywa tu, hakuna kidole kinachochomwa siku hiyo, na mimi ndiye msimamizi wa jiko la langoni. Nakoroga uboho saa nne nzima, nawajazia mama za watu mabakuli, na siruhusiwi kulamba hata mwiko. Kila Jumapili nachoma kidole wa kwanza, uso wa jani langu ukitazama barabara, ili watoto wajifunze rangi.

Leo kahawia imepungua. Pembezoni bado njano. Jina langu kwenye ubao wa wagumu halijatundikwa, lakini Barikieli amepigilia msumari mahali pake, tayari.